Mshale wa Pili: Kuishi na Ugonjwa Wakati Majibu Hayajafika

Katika wilaya ya Rungwe mtu huzoea kutojua kabla hajaugua. Mkulima wa chai wa Katumba au Mwakaleli huchuma majani pasipo kujua bei ya msimu ujao itakuwaje. Mkulima wa viazi wa Isongole hupanda akiwa na hakika kwamba mvua itanyesha, kwa kuwa Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, lakini hajui kama itanyesha kwa kiasi au itazidi na kuozesha mazao ardhini. Mlima Rungwe wenyewe, wenye kimo cha takriban meta 2,960, ni volkano iliyolala, na jirani yake Kyejo inakadiriwa kutoa lava mara ya mwisho yapata mwaka 1800. Daraja la Mungu lililopita juu ya mto Kiwira ni mwamba ambao zamani ulikuwa moto unaotiririka. Juu ya ardhi ya namna hiyo watu wamejenga, wamelima na kulea watoto kwa vizazi vingi bila kudai kwanza wahakikishiwe ya kesho.

Mtu huyohuyo, akishavuka mlango wa Hospitali ya Wilaya ya Rungwe pale Makandana, au wa Hospitali ya Igogwe, au wa zahanati ya kijijini kwake, hukutana na kutojua kwa sura nyingine. Shambani hajui, lakini mikono yake ina kazi. Hospitalini hajui, na mikono imekunjwa mapajani. Kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe kimepelekwa maabara na majibu hayajarudi. Damu ya kupima wingi wa virusi imechukuliwa na mgonjwa ameambiwa arudi tarehe fulani. Barua ya rufaa ya kwenda Mbeya imeandikwa, ila nauli na fedha ya kujikimu huko bado zinatafutwa. Katika siku hizo za katikati mgonjwa huteseka kwa namna ambayo haiandikwi kwenye faili. Halali, hali, huwakaripia watoto bila sababu, na mara nyingine hukata shauri la kutorudi kabisa kuchukua majibu.

Hapo ndipo penye hatari. Mateso ya kusubiri hayaishii katika huzuni. Huwafanya watu wakimbie kliniki, waache dawa, au watafute yeyote atakayewapa jibu la haraka hata kama ni la uongo. Kwa sababu hiyo hali ya kutojua inastahili kutazamwa kama sehemu ya ugonjwa, nayo itafutiwe tiba yake.

Kwa nini kutojua huumiza

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha London walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu 45 waliojitolea. Kila mshiriki alicheza mchezo wa kompyuta akibashiri kama chini ya jiwe fulani kuna nyoka au hakuna. Nyoka akionekana, mshiriki alipata shoti ndogo ya umeme mkononi. Wakati wote huo watafiti walipima jasho la ngozi na upana wa mboni za macho, na waliwauliza washiriki wenyewe jinsi walivyojisikia. Mtu angedhani kwamba msongo ungekuwa mkubwa zaidi pale ambapo shoti ilikuwa na uhakika wa kuja. Haikuwa hivyo. Msongo ulifika kileleni pale ambapo uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu. Aliyejua kwamba ataumia alikuwa mtulivu kuliko aliyekuwa hajui.

Matokeo hayo hayatamshangaza muuguzi aliyewahi kumwona mgonjwa akishusha pumzi baada ya kuelezwa habari mbaya. Habari ni mbaya, lakini sasa ina jina, na penye jina pana hatua ya kufuata. Ubongo wa binadamu umeumbwa kukisia hatari kabla haijafika. Unapokosa taarifa hauachi kukisia: huzidisha makisio. Moyo huenda mbio, misuli hukaza, tumbo huvurugika, homoni za msongo hupanda, na usingizi hukatika saa nane za usiku. Katika jaribio hilohilo, watu ambao msongo wao ulipanda na kushuka kulingana na kiasi cha kutojua walibashiri vizuri zaidi kuliko wengine. Maana yake ni kwamba msongo una kazi yake: humfanya mtu awe macho. Madhara huanza pale ambapo hakuna tena kitu cha kubashiri, sampuli imeshaondoka, gari limeshatoka, na bado mwili unabaki umesimama kama askari wa zamu asiyepokelewa.

Mishale miwili

Takriban miaka 2,500 iliyopita, kaskazini mwa Bara Hindi, aliishi mwalimu aliyeitwa Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake walimwita Budha, yaani aliyeamka. Mafundisho yake yalianzia katika jambo ambalo kila mhudumu wa afya analiona kila siku: watu huugua, huzeeka, hufa, na hutengana na wawapendao. Kati ya mifano iliyohifadhiwa katika maandiko ya Kibudha, mmoja wafaa sana wodini. Mtu akichomwa na mshale, huhisi maumivu. Kisha, kwa kulalamika, kuogopa na kujilaumu, ni kama amechomwa mshale wa pili palepale. Mshale wa kwanza ni maumivu ya mwili au tukio lenyewe. Wa pili ni yale ambayo akili huyaongeza juu yake. Mwenye hekima, kwa mujibu wa mfano huo, huchomwa na wa kwanza kama watu wote, ila hajichomi na wa pili.

Mfano huu hausemi kwamba maumivu ni ya kuwazia tu. Mshale wa kwanza ni wa kweli na huvuja damu kweli. Wajibu wa tiba ni kuuchomoa, au kupunguza maumivu yake pale usipochomoka. Wala hausemi kwamba mwenye hofu ana makosa. Unachosema ni kwamba mzigo anaoubeba mgonjwa ni mizigo miwili iliyofungwa kamba moja, na kuna nafuu katika kuifungua na kuitazama kila mmoja peke yake.

Tuchukue mfano wa mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, aliyepimwa wingi wa virusi na kuambiwa arudi baada ya wiki kadhaa. Mfano huu si wa mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mbeya, ilimo Rungwe, watu wazima 9.6 kati ya kila 100 wanaishi na virusi hivyo, wakati kiwango cha taifa zima ni 4.4. Mshale wa kwanza wa mama huyo ni huu: majibu hayajatoka. Hilo tu. Mshale wa pili una manyoya mengi: pengine dawa zimeshindwa, pengine ni kwa sababu alisahau vidonge wakati wa msiba wa kaka yake, muuguzi atamgombeza, mume ataondoka, watoto watabaki na nani? Akifika hapo amekwisha kuwazika wazazi wa watoto wake akilini, ilhali karatasi ya majibu haijachapishwa. Huenda karatasi hiyo itasema kwamba virusi havionekani, na kwamba kwa kuendelea na dawa vizuri hatamwambukiza mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Siku zote zile za kusubiri alikuwa ameumizwa na jambo ambalo halikutokea.

Budha na Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Rungwe, ambako makanisa ya Moravian na ya Kilutheri yana mizizi ya tangu mwaka 1891, na ambako Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu huishi jirani, jina la Budha laweza kusikika geni. Hata hivyo Ubudha si mgeni kabisa katika eneo hili. Jijini Dar es Salaam lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mapema katika karne ya 20. Nchini Uganda, mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita, alianzisha Kituo cha Ubudha cha Uganda karibu na Entebbe mwaka 2005.

Jambo la kuelewa ni kwamba hospitali haziombi mtu abadili dini. Kilichochukuliwa na tiba ni zoezi, kama vile mwarobaini unavyoweza kutumiwa na mtu asiyefuata mila za mahali ulikotoka. Zoezi hilo huitwa taamuli: kukaa kimya kwa muda, kuelekeza makini kwenye kitu kimoja kama pumzi, na kila akili inapokimbia, kuirudisha bila kuigombeza. Mkristo anayesali rozari taratibu, au Mwislamu anayehesabu tasbihi kwa utulivu baada ya swala, anajua tayari jinsi maneno machache na pumzi vinavyoshusha kasi ya moyo.

Haradali na matanga

Kuna kisa kingine cha Kibudha ambacho watu wa Rungwe wangekielewa bila mfasiri. Mama kijana aitwaye Kisa Gotami alifiwa na mtoto wake wa pekee. Akakataa kuamini, akambeba mtoto nyumba kwa nyumba akiomba dawa. Alipofika kwa Budha, aliambiwa alete punje za haradali, lakini zitoke katika nyumba ambayo haijawahi kufiwa. Haradali ilikuwa katika kila nyumba. Nyumba isiyofiwa hakuipata. Kufikia jioni alikuwa ameelewa, akaenda kumzika mwanawe.

Mara nyingi kisa hiki husomwa kama somo juu ya kifo. Kwa mhudumu wa afya kina somo jingine pia. Budha hakumhubiria yule mama, wala hakumwambia ajikaze. Alimtuma kwa watu. Katika kila mlango alisikia habari za mume aliyekufa, bibi aliyekufa, mtoto aliyekufa. Kilichomponya kilikuwa ni kuukuta ukweli akiwa katikati ya wenzake badala ya kuukwepa akiwa peke yake.

Wanyakyusa wamelijua jambo hilo kwa njia yao. Kati ya mwaka 1934 na 1938 wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica waliishi Rungwe wakiandika habari za maisha ya huko, na sehemu kubwa ya kazi yao inahusu mazishi na taratibu za ukoo. Katika matanga waliyoyaandika, wanawake walilia kwa sauti, na wanaume walicheza ngoma zenye mwendo wa vita, hofu na huzuni zikipewa mwili mzima pa kutokea. Waliandika pia kwamba watu waliamini kuwa mfiwa asiyetimiziwa taratibu zake angeweza kurukwa na akili. Mtaalamu wa leo asingeeleza chanzo cha ugonjwa wa akili kwa maneno hayo, lakini ndani ya imani hiyo kuna jambo aliloliona kila aliyewahi kukaa na wafiwa: huzuni isiyopewa nafasi haiondoki, hubaki ikisubiri.

Hapa mila ya Rungwe na fundisho la mishale miwili hukutana, ingawa hazina asili moja. Zote mbili hukataa kujifanya kwamba hakuna kilichotokea. Zote humtaka mtu aliite jambo kwa jina lake. Tofauti ni kwamba msiba una siku zake, una majirani wenye kuni na ndizi, una watu wa kulala na mfiwa. Mgonjwa anayesubiri majibu hana matanga. Hakuna jirani anayeleta mkungu wa ndizi kwa sababu fulani anasubiri jibu la maabara. Anasubiri peke yake, mara nyingi kwa siri. Ndiyo maana kituo cha afya hakina budi kumtengenezea mgonjwa huyo kile ambacho jamii imekwisha kumtengenezea mfiwa.

Kutoka hekaluni hadi wodini

Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao tiba za kawaida hazikuwa zimewapa nafuu ya kutosha. Alikuwa amejifunza taamuli kwa walimu wa Kibudha, lakini mafunzo yake aliyaandaa bila ibada wala sanamu. Tangu hapo utaratibu huo umejaribiwa katika magonjwa mengi.

Mwaka 2000 watafiti wa Canada na Uingereza walitoa matokeo ya watu 145 waliokuwa wamepona sonona. Miongoni mwa wale waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, asilimia 66 ya waliobaki na huduma za kawaida walirudiwa na ugonjwa katika kipindi cha zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Kwa waliopewa mafunzo yenye taamuli, walikuwa asilimia 37. Mwaka 2022 jaribio la Marekani lililohusisha watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi lilionyesha kwamba, baada ya wiki nane, matokeo ya kundi la taamuli hayakuwa duni kuliko ya kundi lililotumia dawa ya escitalopram.

Karibu zaidi na Rungwe, Shirika la Afya Duniani lilijaribu mafunzo ya kujisaidia nafsi katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda. Wanawake 694 kutoka Sudan Kusini, wa vijiji 14, walihusika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Waliopewa mafunzo hayo walikaa katika makundi na kusikiliza sauti zilizorekodiwa kwa lugha yao, wakiongozwa na watu waliopewa mafunzo mafupi, wasio wataalamu wa magonjwa ya akili. Walifundishwa kujirudisha kwenye wakati uliopo, kuyatazama mawazo mazito bila kuburutwa nayo, na kutenda mambo wanayoyathamini hata kama hofu ingalipo. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ya kisaikolojia ilikuwa imepungua zaidi ya ile ya wenzao waliopata huduma pungufu ya hiyo. Hao walikuwa wanawake waliopoteza nyumba, wasiojua watarudi lini kwao. Haikuwa lazima kwanza wapate uhakika ndipo wapate nafuu.

Pamoja na hayo, haifai kuahidi mno. Jaribio kubwa la shule za Uingereza lililowahusu wanafunzi zaidi ya 8,000, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2022, halikuona faida ya mafunzo ya taamuli kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Tena lile jaribio la dawa na taamuli liliwataka washiriki wahudhurie darasa kila wiki na kufanya mazoezi ya muda mrefu nyumbani kila siku. Dakika tatu za pumzi hazilingani na hayo. Kwa baadhi ya watu, hasa waliopitia ukatili au wenye ugonjwa wa akili unaowafanya wasikie sauti, kukaa kimya na mawazo kwaweza kuamsha hofu zaidi. Hao wasiachwe wafanye zoezi hilo peke yao.

Anachoweza kufanya mgonjwa

Zoezi la kwanza ni la pumzi, na halihitaji chumba wala mkeka. Mtu aketi vizuri, hata kama ni kwenye benchi la kliniki au ndani ya gari la kwenda Mbeya. Avute pumzi kwa puani akihesabu moja hadi nne, kisha aitoe taratibu akihesabu moja hadi sita. Arudie kwa dakika tatu. Pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo kupitia mishipa ya fahamu inayoutuliza mwili. Akihisi kizunguzungu, aache na kupumua kawaida. Akili itakimbia, na hilo si kosa. Kazi yenyewe ya zoezi ni kuirudisha.

Zoezi la pili ni la kutenganisha mishale. Mgonjwa achukue karatasi, au kama haandiki amwambie mtu anayemwamini, aseme mambo ya aina mbili: yale anayoyajua kwa hakika leo, na yale ambayo akili imeyaongeza. "Majibu hayajatoka" ni la kwanza. "Nitakufa kabla ya mwanangu kumaliza shule" ni la pili. Asijaribu kulifuta la pili. Kulitambua kuwa ni wazo, wala si habari kutoka maabara, kunatosha kulipunguzia makali.

Zoezi la tatu ni kazi ya siku. Kutojua hudai kwamba kila kitu kisimame hadi majibu yafike. Mgonjwa mwenye nguvu na apalilie mgomba mmoja, amkamue ng'ombe, apeleke mtoto shule, aende kanisani au msikitini. Kila jambo dogo linalotendwa kwa makini humrudisha mtu mahali alipo, ambapo ndipo mahali pekee anapoweza kutenda kitu.

Anachoweza kufanya mhudumu

Mshale wa pili mara nyingi hutengenezwa nyumbani kwa mgonjwa, lakini wakati mwingine mti wake hukatwa kliniki. Neno "subiri" lisilo na tarehe ni mojawapo. Ukimya wa daktari anayeandika bila kuinua uso ni mwingine. "Usiwe na wasiwasi" ni wa tatu, kwa sababu humfundisha mgonjwa kwamba wasiwasi wake haukaribishwi hapo.

Badala yake, kila mgonjwa anayeondoka bila jibu aondoke na mambo manne. La kwanza, kinachojulikana: "Tumeona uvimbe, tumechukua kipande kidogo ili kipimwe." La pili, kisichojulikana bado: "Hatujui kama ni saratani. Uvimbe mwingine huwa saratani, mwingine huwa si saratani." La tatu, kinachofanyika: "Kipande kimepelekwa maabara, na wakati huu utaendelea na dawa hii ya maumivu." La nne, lini na nani: "Rudi Jumanne ya tarehe fulani, umuulize muuguzi wa dirisha hili. Majibu yakichelewa, tutakueleza siku hiyo kwamba yamechelewa." Maneno hayo huchukua dakika mbili. Hayaondoi kutojua, ila hukuwekea mipaka, na chenye mipaka hubebeka.

Kabla ya kueleza, ni vema kuuliza: "Mama, wewe mwenyewe unafikiri ni nini? Kinachokuogopesha zaidi ni kipi?" Mara nyingi hofu halisi si ile ambayo mhudumu ameikisia. Huenda mzee hahofii kufa bali anahofia nani atamlipia gari la kurudisha mwili kijijini. Baada ya kueleza, aombwe arudie alichoelewa, kwa upole na bila kumfanya mtahiniwa: "Baba, ukifika nyumbani utawaambiaje?"

Mhudumu naye ana mishale yake. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyempoteza mama mzazi wakati wa kujifungua hubeba wa kwanza, kisha hujichoma wa pili njia nzima ya kurudi nyumbani. Kikao kifupi cha kutathmini kilichotokea, kinachotafuta sababu badala ya mkosaji, ni matanga ya watumishi. Pasipo na kikao kama hicho, huzuni hugeuka ukali kwa mgonjwa anayefuata.

Kutulia si kuacha

Liko kosa moja linaloweza kugharimu uhai, nalo ni kudhani kwamba kukubali hali maana yake ni kukaa bila kufanya lolote. Aliyechomwa mshale hatulizi akili ili uendelee kukaa mwilini; hutuliza akili ili aweze kutulia wakati unapochomolewa. Hakuna taamuli inayopunguza virusi vya UKIMWI, na mtu akiacha dawa, virusi kwa kawaida hurudi kuongezeka ndani ya wiki chache. Hakuna pumzi inayoshusha sukari ya mgonjwa aliyeishiwa insulini. Shinikizo la damu linahitaji dawa hata siku ambayo moyo unajisikia mwepesi. Atakayemwambia mgonjwa aache tiba kwa sababu akili yake imeshapona, awe nani, anamchoma mshale wa tatu.

Vilevile, kuna wasiwasi na huzuni ambavyo vimepita kiwango cha mazoezi ya nyumbani. Mtu ambaye kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni karibu kila siku, amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hali wala halali vizuri na kazi zake zimemshinda, anahitaji kuonwa kituoni kwa ajili ya sonona, ambayo ina tiba. Anayezungumza juu ya kujiua au kutamani asiamke asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na ndugu waondoe sumu za mashambani na dawa zilizorundikwa nyumbani. Kumuuliza waziwazi kama ana wazo hilo hakumpandikizii wazo. Humpa ruhusa ya kulisema.

Magonjwa mengi yanayotibiwa leo Tukuyu na kwingineko ni ya kuishi nayo kwa miaka: kisukari, shinikizo la damu, virusi vya UKIMWI, kifafa, saratani zilizogunduliwa mapema. Kila moja humwachia mgonjwa tarehe ya kurudi na swali lisilo na jibu kamili. Tiba itaendelea kuyapunguza maswali hayo, lakini haitayamaliza, na daktari anayejifanya kuyamaliza atakuja kuumbuka. Uaminifu unamtaka aseme anachokijua, akiri asichokijua, na abaki karibu. Mgonjwa naye, akishaondoka na tarehe yake mkononi na dawa zake mfukoni, ana haki ya kuila siku ya leo kama siku kamili, bila kungoja barua ya maabara imruhusu.